Antibiotiki Zina Makundi Matatu: Tuilinde Akiba

Ndugu msomaji, je, unaikumbuka klorokwini? Kwa miaka mingi ilikuwa dawa yetu ya malaria. Ilikuwa chungu, lakini iliponya. Baadaye vimelea vya malaria viliizoea. Watu waliinywa, na homa haikushuka. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Ikaja dawa ya SP. Nayo haikudumu. Mwaka 2006 nchi ikahamia kwenye dawa mseto.

Jambo kama hilo sasa linazikuta dawa nyingine tunazozitegemea sana. Dawa hizo huitwa antibiotiki.

ANTIBIOTIKI NI NINI?

Antibiotiki ni dawa za kutibu magonjwa yanayoletwa na bakteria. Bakteria ni vijidudu vidogo sana. Huwezi kuviona kwa macho. Bakteria huweza kuleta kichomi, kaswende, homa ya matumbo, na vidonda vyenye usaha.

Mafua hayaletwi na bakteria. Mafua huletwa na virusi. Antibiotiki haziui virusi. Ukinywa antibiotiki kwa sababu ya mafua, umepoteza fedha yako. Tena umewafundisha bakteria waliomo mwilini mwako kuizoea dawa.

Kuhara maji matupu kwa mtoto, mara nyingi hakuhitaji antibiotiki. Mtoto anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, pamoja na vidonge vya zinki.

VIJIDUDU HUZOEAJE DAWA?

Wafugaji wanalijua jambo hili. Ukichanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe ikawa nyepesi mno, kupe dhaifu hufa. Kupe wagumu hubaki. Hao wagumu huzaa watoto wagumu kama wao. Mwisho josho zima halifai kitu.

Bakteria nao ni hivyo hivyo. Kila antibiotiki inapotumiwa, bakteria dhaifu hufa. Wagumu wakibaki, huzaana. Kisha huenea kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Kwa hiyo wewe unaweza kutumia dawa ovyo, na mtoto wa jirani ndiye akakosa tiba.

Hasara yake ni kubwa. Mwaka 2019, watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliowaugua hawakusikia dawa. Afrika kusini mwa Sahara iliumia kuliko sehemu nyingine.

MAKUNDI MATATU

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliziweka antibiotiki katika makundi matatu. Mwaka 2021 Tanzania nayo iliyatumia makundi hayo katika mwongozo wake wa tiba. Ni vizuri nawe uyajue.

Kundi la kwanza ni dawa za kutumia kwanza. Rangi yake ni kijani. Humo zimo amoksisilini, ampisilini, penisilini, doksisiklini, gentamisini na metronidazoli. Dawa hizi hutibu magonjwa mengi ya kawaida. Nyingi zina bei nafuu. Bakteria hawazizoei upesi kama dawa za kundi la pili. Mtoto mwenye kichomi kisicho kikali hutibiwa kwa amoksisilini. Mtoto mchanga mwenye maambukizi makali huchomwa sindano za ampisilini na gentamisini hospitalini.

Kundi la pili ni dawa za kuangaliwa. Rangi yake ni njano. Humo zimo siprofloksasini, azithromisini na sindano ya seftriaksoni. Dawa hizi zina kazi yake maalumu. Lakini bakteria huzizoea upesi zaidi. Kwa hiyo zitumike kwa ugonjwa unaozihitaji tu.

Kundi la tatu ni dawa za akiba. Rangi yake ni nyekundu. Humo zimo kolistini na linezolidi. Dawa hizi hutumiwa hospitalini, kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zimemshinda. Baada ya hizo, mganga hana kitu kingi cha kushika mkononi.

Fikiria ghala lako la mahindi. Kuna mahindi ya kula kila siku. Kuna mahindi ya kula wakati wa njaa. Na kuna mbegu. Mkulima mwenye akili hali mbegu yake wakati mahindi ya kula bado yapo. Wazee walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya dawa huoza, tena huoza upesi, ikitumiwa bila mpango.

DAWA KALI SI DAWA BORA

Watu wengi huenda dukani na kusema, "Nipe dawa kali." Wengine hudai sindano, hata kama kidonge kinatosha. Hilo ni kosa. Dawa bora ni ile inayofaa ugonjwa ulio nao. Mganga akikupa amoksisilini ya bei nafuu, hajakudharau. Amekupa dawa inayofaa, na ameihifadhi nyingine kwa siku ya shida.

Mwezi Septemba mwaka 2024, mataifa ya dunia yalikubaliana jambo moja kwenye Umoja wa Mataifa. Ifikapo mwaka 2030, katika kila antibiotiki 100 zitakazotumiwa na watu duniani, angalau 70 ziwe za kundi la kwanza. Lengo hilo haliwezi kufikiwa na madaktari peke yao. Linaanzia kwako na kwangu.

UFANYE NINI?

1. Ukiugua, nenda zahanati ukapimwe. Usikisie ugonjwa.

2. Usinunue antibiotiki bila cheti cha mganga.

3. Muulize mganga: "Je, ugonjwa wangu unahitaji antibiotiki? Hii ni ya kundi gani?" Kuuliza si utovu wa adabu.

4. Kunywa dawa kwa kipimo, kwa saa, na kwa siku ulizoambiwa. Usinunue nusu dozi. Usiache katikati bila kumwuliza mganga.

5. Usimgawie mwenzako dawa yako. Usiweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya ugonjwa mwingine.

6. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia choo. Kunywa maji safi. Wapeleke watoto wakachanjwe. Asiyeugua hahitaji dawa.

7. Usiwape kuku au ng'ombe antibiotiki bila ushauri wa bwana mifugo. Mnyama akitibiwa, ngoja siku ulizoambiwa kabla ya kula nyama au mayai yake, au kunywa maziwa yake.

Lakini usichelewe! Mtoto akipumua haraka haraka, akishindwa kunyonya, au akipata degedege, mpeleke zahanati mara moja, hata kama ni usiku. Kutunza dawa si kumnyima mgonjwa dawa. Tunazitunza ili siku mtoto huyo akifikishwa zahanati, iwepo dawa itakayomponya.

Ndugu msomaji, klorokwini ilipokwisha nguvu, tulipata dawa nyingine. Antibiotiki mpya hazipatikani kwa urahisi. Utafiti wake huchukua miaka mingi na fedha nyingi. Basi tuzitunze hizi tulizo nazo. Msomee habari hii jirani yako ambaye hajajua kusoma.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini antibiotiki haiponyi mafua?

2. Taja makundi matatu ya antibiotiki na rangi zake.

3. Katika kijiji chenu, watu hupata antibiotiki wapi? Je, huwa wamepimwa kwanza? Mfanye nini ili kuondoa kasoro iliyopo?