Kopo moja la maji

Adhana ya alfajiri imepita zamani na mfereji bado unamwaga maji. Binti ameosha viganja, amesukutua, amenawa uso, amefika mkono wa kulia. Hapo shaka inamjia: maji yamefika kiwikoni kweli? Anaanza upya, mara ya nane sasa. Mama yake amesimama nje ya mlango wa choo: "Yamefika, mwanangu. Toka, jua litachomoza." Binti anatoka, anasimama kwenye mswala, anatia nia, anahisi imemponyoka, anarudia takbiri. Jua linachomoza.

Huku pwani tuna jina la hali hii. Tunasema fulani ana wasiwasi, na hatumaanishi wasiwasi wa karo au wa mgonjwa aliyelazwa. Ni wasiwasi wa udhu, wa najisi, wa nia. Neno lenyewe lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya mnong'ono, nami sijapata neno la kitabibu linaloueleza ugonjwa huu vizuri zaidi. Hospitalini huitwa OCD. Una pande mbili: fikra inayoingia bila hodi na kuleta hofu, na tendo ambalo mtu analazimika kulifanya ili hofu itulie. Tukihesabu watu 100, mmoja hadi watatu wataupata wakati fulani maishani, mara nyingi ukianza utotoni au ujanani. Daktari huuita ugonjwa pale unapokula zaidi ya saa 1 kwa siku, au unapovuruga masomo, kazi na ndoa.

Si wote wanaoteswa na maji. Yupo anayerudi mara kumi kuangalia kama amefunga mtungi wa gesi. Yupo anayejiwa na maneno ya kufuru katikati ya sala. Yupo mama mzazi ambaye kila akishika kisu cha jikoni anaona picha ya mtoto wake mchanga akiumia, na sasa hathubutu kubaki naye peke yake. Huyo mara nyingi huchelewa kuja kutibiwa, maana anaamini kwamba akisema atanyang'anywa mtoto. Mwaka 1978 wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva, wakiwa London, waliwauliza watu wasio wagonjwa kuhusu fikra zao mbaya. Wengi wao walikiri kwamba nao hujiwa na fikra kama hizo. Kwao hupita kama upepo. Mwenye OCD huishika fikra, huihoji, huitafutia maana, na humshtua zaidi ile inayogusa anachokipenda kuliko vyote. Mama yule anatishika hivyo kwa sababu anampenda mwanawe. Anahitaji matibabu, na anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa nini basi kuosha mara nane hakumtoshi yule binti? Wahenga wangesema kurudia ndiko kujifunza, lakini hapa kurudia hufuta uhakika. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwapa wanafunzi wenye afya jiko la gesi la kwenye kompyuta, wakalifungua, wakalizima na kulikagua tena na tena. Walikumbuka vizuri walichokifanya, ila imani yao katika kumbukumbu hiyo ilipungua sana. Picha ilififia. Ndivyo ilivyo kwa udhu: ule wa kwanza binti aliuona waziwazi, wa nane anaukumbuka kwa ukungu, asiuamini. Na kila anapoanza upya anapata ahueni ya dakika chache, ahueni inayoufundisha ubongo wake kwamba ameokolewa na maji. Kesho utadai zaidi.

Kwa hiyo tiba haimpi mtu yakini anayoitafuta. Inamzoesha kuishi na shaka bila kuitii. Mwaka 1966, London pia, mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza jinsi wagonjwa wawili walivyopata nafuu kwa kukabili walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao ya kujituliza. Mpaka leo hiyo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi. Hupandwa kama ngazi, kuanzia chini, kwa ridhaa ya mgonjwa. Kumfungia mtu mfereji kwa ghafla ni ukatili tu.

Kwa mwenye wasiwasi wa udhu, ngazi yangu huanza na kopo. Imepokewa kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja, yaani maji ya kujaza viganja viwili vilivyounganishwa, pungufu ya lita moja. Tunafunga mfereji, tunajaza kopo, na likiisha udhu umekwisha. Fiqhi nayo inatusaidia: yakini haiondolewi na shaka, na mtu wa wasiwasi huambiwa aipuuze. Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu fikra sumbufu za nafsi katika kitabu chake cha afya ya mwili na roho. Ninachowaomba masheikh ni jibu moja, mara moja. Anayepiga simu kila siku kuuliza kama udhu wake umesihi ameshaigeuza fatwa kuwa maji mengine.

Zipo dawa pia, kama fluoksetini, na klomipramini iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mara nyingi OCD huhitaji dozi kubwa kuliko sonona, na nafuu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakidhani dawa imeshindwa, na hilo hunisikitisha. Usiziache ghafla bila daktari. Waliokunywa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya, kabla ya kuja kwangu siwalaumu, kwani dua hufariji. Ila ukiambiwa fikra zako ni za jini, utaziogopa maradufu.

Nirudi kwa mama pale mlangoni. "Yamefika, mwanangu" yake ni ya huruma, nayo inaulisha ugonjwa kama mfereji unavyoulisha. Tunapatana, binti akiwepo na akikubali, kwamba akiuliza atajibiwa: "Najua shaka inakutesa. Hilo sitakujibu, lakini niko nawe."

Wiki ya kwanza ya kopo ndiyo ngumu kuliko zote. Binti anasali huku moyo ukimwambia sala hiyo ni batili, na baada ya salamu harudi msalani. Anakaa jikoni na mama yake, wanasukuma mahamri. Mikono inamtetemeka. Anatamani kuuliza, anauliza, anajibiwa kama walivyopatana. Unga unamganda vidoleni. Mahamri ya mwisho yanapotolewa kwenye mafuta hofu bado ipo, ila imeshuka, na hajaosha.