Matunda mabichi: Lipi la kuvundika, lipi la kuacha sokoni

AKINA mama wengi wa Kayole, Umoja na Dandora wakirudi kutoka Gikomba au Muthurwa na mfuko wa matunda, kazi ya kwanza huwa ni kuyavundika. Avokado huzikwa ndani ya unga, ndizi hufunikwa kwa gunia, nayo maembe hukunjwa kwa gazeti la jana. Baada ya siku nne mengine huwa matamu, mengine husinyaa na kuoza yakiwa bado machachu. Lawama humwendea mwuzaji, na mara nyingi anastahili, lakini si mara zote.

Ndizi, embe, avokado na nyanya huendelea kuiva baada ya kuchumwa, mradi yawe yalikomaa. Matunda hayo hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huyalainisha na, kwa ndizi na embe, huanzisha kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana ndizi moja mbivu ikitiwa kwenye mfuko wa karatasi pamoja na avokado ngumu, avokado huiva haraka. Nanasi, chungwa na zabibu haziko hivyo. Nanasi laweza kubadili rangi nyumbani, lakini utamu wake ni ule liliotoka nao shambani.

Na tini je? Tunda hili, ndugu ya makuyu na matunda ya mugumo, halionekani sana kwenye mikokoteni yetu, nalo lina ujanja wake. Likichumwa mapema hulainika kidogo, pengine hata kugeuka rangi, kwa vile nalo hutoa ethilini. Lakini sukari yake huingia likiwa bado mtini, siku za mwisho mwisho, na likikatwa kabla ya hapo halitapata nyingine. Isitoshe, tini bichi ina utomvu mweupe unaowasha midomo na ngozi. Nunua iliyolegea shingoni, uile siku hiyo au kesho yake. Wamisri wa kale walikuwa wakiyachanja makuyu kwa kisu yakiwa juu ya mti ili yaive upesi: jeraha huamsha gesi ile ile.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wafanyabiashara wenye haraka wanaotumia kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ikikutana na unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, na anayeishika huweza kuungua ngozi na kukohoa. India imepiga marufuku kuivishia matunda. Embe la manjano kila upande, lakini gumu, chachu na lisilo na harufu, litilie shaka, ingawa macho pekee hayatoshi kuthibitisha. Lililokomaa vyema huwa limejaa mabegani, karibu na kikonyo. Yaoshe matunda yote kwa maji yanayotiririka kabla ya kuyamenya.

Mgonjwa wa kisukari naye akumbuke kwamba ndizi iliyoiva sana ina sukari nyingi kuliko ile iliyoanza tu kugeuka.

Wenye friji wasiingize humo ndizi wala maembe mabichi. Baridi huyazuia kuiva na kuyatia weusi. Yangoje mezani kwanza.