Orodha mbili, majina yaleyale? Bei ya kila njia ya kulinganisha

Una orodha mbili. Moja imetoka kwenye daftari la usajili, nyingine kwenye mfumo wa malipo, na kila moja ina majina 100,000 yasiyofuata mpangilio wowote. Unataka programu ikuambie kama ni majina yaleyale, na kama sivyo, nani amekosekana wapi. Njia ziko kadhaa, na kila moja ina bei yake: muda wa prosesa, memori, au uhakika wa jibu.

Njia ya anayeanza ni kuchukua jina la kwanza na kulitafuta katika orodha yote ya pili, kisha la pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Haidai memori ya ziada. Inachodai ni muda: kwa orodha zetu, programu inaweza kulinganisha hadi mara bilioni 10. Kwa majina ishirini au thelathini haina ubaya wowote, itumie. Zaidi ya hapo iache.

Ukizipanga orodha zote mbili kwa alfabeti, unaweza kuzipitia bega kwa bega na kuona tofauti papo hapo. Kupanga majina 100,000 huhitaji kulinganisha takriban mara milioni 1.7 kwa kila orodha. Python hupanga kwa Timsort, njia aliyoibuni Tim Peters mwaka 2002. Njia hiyo hutumia vipande vilivyokwisha kupangika, kwa hiyo orodha iliyokaribia kupangika huipunguzia kazi. Naona watu wengi huidharau njia ya kupanga, ilhali ndiyo inayokuokoa faili linapozidi memori ya kompyuta. Amri ya sort kwenye Linux hupanga vipande, huvihifadhi kwenye diski, kisha huviunganisha. Baada ya hapo amri ya comm hukuonyesha mistari iliyo katika faili la kwanza tu, iliyo katika la pili tu, na iliyo katika yote mawili. Sharti ni moja: mafaili yote mawili yapangwe kwa kanuni moja ya alfabeti.

Orodha ikienea kwenye memori, chaguo langu ni seti ya hashi. Kila stringi, yaani kila kipande cha maandishi, hugeuzwa kuwa namba, iitwayo hashi, na namba hiyo huonyesha mahali pa kukiweka. Kulitafuta jina moja huchukua karibu muda uleule, seti iwe ya majina mia au milioni. Unaweka 100,000, unatafuta 100,000, kazi imekwisha. Bei yake ni memori: katika Python stringi ya herufi kumi peke yake hula zaidi ya baiti 50, na seti huacha nafasi nyingi wazi ili utafutaji uwe mwepesi. Kwa orodha zetu hiyo ni megabaiti chache. Kwa majina milioni 100 ni gigabaiti kadhaa, na hapo rudi kwenye kupanga.

Lakini seti haihesabu. Asha akiandikwa mara mbili upande mmoja na mara moja upande wa pili, seti zitasema orodha ni sawa, na kama ni orodha ya malipo, Asha amelipwa mara mbili. Panaporudiwa majina, tumia Counter ya Python, au HashMap ya Java inayobeba idadi ya kila jina. Gharama huongezeka kidogo tu. Usitegemee equals ya List katika Java, kwa sababu hiyo huangalia pia mpangilio.

Ipo njia rahisi mno: kujumlisha hashi za majina yote ya kila orodha na kulinganisha jumla mbili. Jumla zikitofautiana, orodha hakika zinatofautiana. Zikilingana, una dalili nzuri, huna uthibitisho. Usitumie XOR, operesheni ya biti kwa biti, badala ya kujumlisha, maana jina lililoandikwa mara mbili hujifuta lenyewe. Usihifadhi pia hashi ya kawaida ya Python ili uilinganishe kesho: tangu toleo la 3.3, hashi ya stringi hubadilika kila programu inapowashwa, ili kuwazuia wavamizi wanaotunga kwa makusudi stringi ambazo hashi zake zinagongana. Kwa kazi hiyo tumia hashi isiyobadilika, kama SHA-256.

Ukitaka kujua orodha zinakaribiana kiasi gani, iko MinHash, ambayo Andrei Broder aliieleza mwaka 1997 kwa ajili ya kutambua kurasa zinazofanana katika injini ya utafutaji ya AltaVista. Kwa namba 400 tu kwa kila orodha unapata makadirio yenye kosa la takriban asilimia 5. Haikuambii ni jina gani limekosekana.

Na hakuna njia kati ya hizi itakayojua kwamba Ng'ang'a na Ng’ang’a ni jina moja. Alama ya kwanza ina namba 39 katika Unicode, ya pili 8217. Simu huandika moja, programu ya kuandikia barua huigeuza kuwa nyingine. Nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina na herufi kubwa huleta hitilafu ileile. Kusafisha hugharimu kupita mara moja tu juu ya kila orodha, kwa kanuni ileile pande zote mbili, kabla ya kupanga au kuhashi chochote.