Baraza la Mawaziri Lililoijenga Upya Estonia

Swali la baraza gani la mawaziri lilikuwa la kwanza katika Estonia huru lina majibu zaidi ya moja. Nchi hii ndogo ya pwani ya Bahari ya Baltiki, iliyokuwa na watu wapatao milioni 1.5, ilitangaza tarehe 20 Agosti 1991 kwamba uhuru wake umerejea, wakati Moscow ikitikiswa na jaribio la mapinduzi. Neno “umerejea” lilichaguliwa makusudi. Waestonia walikuwa na dola yao tangu 1918 hadi jeshi la Kisovyeti lilipoingia mwaka 1940, na hoja yao ilikuwa kwamba dola hiyo haikufa bali ilikaliwa kwa mabavu. Kwa hesabu hiyo, baraza la kwanza ni lile la Konstantin Päts la 1918, na yote yaliyofuata ni mwendelezo.

Siku ya tangazo la 1991 aliyekuwa madarakani ni Edgar Savisaar. Serikali yake iliundwa Aprili 1990, Estonia ikiwa bado jamhuri ya Kisovyeti, hivyo uhuru uliikuta iko kazini tayari. Iliiingiza nchi katika Umoja wa Mataifa tarehe 17 Septemba 1991, kisha ikakabiliwa na adui asiyejadiliana, yaani majira ya baridi. Mafuta yalitoka Urusi, na Urusi yenyewe ilikuwa imevurugika. Chakula kikaadimika, nyumba zikakosa joto. Januari 1992 Savisaar aliomba mamlaka ya hali ya hatari, akayapata kwa taabu, lakini kabla mwezi haujaisha alijiuzulu. Nafasi yake ikachukuliwa na waziri wake wa uchukuzi, Tiit Vähi.

Vähi alikaa miezi tisa tu, ila katika miezi hiyo nchi ilipata sarafu yake. Kuanzia tarehe 20 Juni 1992 kila mkazi aliruhusiwa kubadilisha rubli 1,500, kwa kiwango cha rubli kumi kwa krooni moja. Maana yake ni kwamba mtu alianza maisha mapya akiwa na krooni 150 mkononi, sawa na maki 19 hivi za Ujerumani. Krooni nane zilifungwa kwenye maki moja, na sheria ilikataza Benki Kuu kuchapisha noti zisizo na akiba nyuma yake. Sehemu ya akiba hiyo ilikuwa dhahabu iliyohifadhiwa nje ya nchi kabla ya vita. Estonia ikawa ya kwanza kati ya jamhuri zilizokuwa za Kisovyeti kuiacha rubli, katika mwaka ambao bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,000.

Wiki moja baadaye wananchi walipitisha katiba mpya kwa kura ya maoni, na tarehe 20 Septemba walichagua bunge, Riigikogu, lenye viti 101. Serikali iliyotokana na uchaguzi huo, iliyoapishwa tarehe 21 Oktoba 1992, ndiyo yenye haki zaidi ya kuitwa ya kwanza, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuchaguliwa na raia chini ya katiba ya nchi huru. Ushindi wake ulikuwa mwembamba. Muungano wa Isamaa ulipata viti 29, wenye msimamo wa wastani 12, na chama cha wapigania uhuru cha ERSP viti 10. Jumla 51, yaani kiti kimoja tu zaidi ya vyama vingine vyote pamoja. Isamaa ilikuwa imeomba kura kwa ahadi ya kufagia uwanja, na wengi walielewa kwamba takataka zenyewe ni wakubwa wa zamani.

Waziri Mkuu alikuwa Mart Laar, mwanahistoria mwenye miaka 32. Alikuwa ameandika juu ya wapiganaji wa msituni waliopinga utawala wa Kisovyeti, uchumi hakuusomea. Mwenyewe alisema baadaye kwamba kitabu pekee cha uchumi alichokuwa amekisoma ni kimoja cha Milton Friedman.

Mawaziri wake walitoka katika njia ambazo kwa kawaida hazimfikishi mtu wizarani. Lagle Parek, Waziri wa Mambo ya Ndani, alihukumiwa mwaka 1983 kwa upinzani wake na kupelekwa kambi ya kazi ngumu. Sasa polisi walikuwa chini yake. Hain Rebas wa Ulinzi na Madis Üürike wa Fedha walitoka katika jamii ya Waestonia waliokimbilia Sweden. Paul-Eerik Rummo, aliyepewa utamaduni na elimu, alikuwa mshairi. Marju Lauristin wa Masuala ya Jamii alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Jüri Luik, waziri asiye na wizara maalumu, alikuwa na miaka 26. Ugeni wao ulikuwa na faida: hawakuwa na rafiki wa kumlinda katika viwanda vya zamani. Hasara yake ilijitokeza baadaye.

Jaribio la kwanza lilikuja ndani ya wiki chache, benki tatu kubwa zilipokwama. Benki ya biashara ya Tartu ilifungwa kabisa, na wenye akiba wakapata hasara. Nyingine mbili ziliunganishwa. Ujumbe uliwafikia wafanyabiashara wote kwamba hazina haitamwokoa kila anayezama. Ruzuku zikakatwa, ushuru wa forodha ukaondolewa karibu wote, viwanda vikauzwa kwa zabuni kupitia wakala wa ubinafsishaji ulioiga mfano wa Ujerumani. Tarehe 1 Januari 1994 ikaanza kodi ya mapato ya kiwango kimoja cha asilimia 26, kwa tajiri na kwa maskini, jambo lililokuwa geni Ulaya. Wazee wa pensheni na wakulima wa mashamba ya pamoja ndio waliobeba mzigo mzito zaidi.

Suala gumu kuliko uchumi lilikuwa la nani ni raia. Sheria ya uraia ya 1938 ilirudishwa, hivyo waliohamia baada ya 1940 na watoto wao, wengi wao Warusi, walitakiwa kuomba uraia na kufanya mtihani wa lugha. Karibu theluthi moja ya wakazi walijikuta hawana uraia. Katikati ya 1993 sheria ya wageni ilizusha hofu. Miji ya Narva na Sillamäe ikapiga kura ya kujitawala, ambayo mahakama iliibatilisha. Rais Lennart Meri aliipeleka sheria hiyo kwa wataalamu wa Ulaya kabla ya kuitia saini, na ikalegezwa. Kiangazi hichohicho kikosi kimoja cha askari huko Pullapää kiligoma kutii amri. Rebas aliondoka Agosti, Parek Novemba. Mafanikio makubwa yalikuja mwaka uliofuata: tarehe 31 Agosti 1994 askari wa mwisho wa Urusi waliondoka nchini.

Laar hakupata muda wa kuyafurahia. Ilibainika kwamba sehemu kubwa ya rubli bilioni 2.3 zilizokusanywa wakati wa kubadilisha sarafu iliuzwa kwa siri, bila bunge kuelezwa. Tarehe 26 Septemba 1994 wabunge 60 walipiga kura ya kutokuwa na imani naye. Siku mbili baadaye meli ya abiria iliyoitwa Estonia ilizama na watu 852 wakafa, na baraza lililokwisha kuangushwa likalazimika kushughulikia msiba huo.

Waziri wa Mazingira, Andres Tarand, aliongoza serikali mpya kuanzia Novemba hadi baada ya uchaguzi wa Machi 1995. Isamaa na ERSP, safari hii pamoja, waliambulia viti 8. Tiit Vähi alirudi kuwa Waziri Mkuu, na kodi ya asilimia 26 akaiacha ilivyokuwa.