Nyuki au yatima?

Mwalimu wa Rongo anapoandika ubaoni neno la Kijaluo "kich", ni nani ajuaye kama amekusudia nyuki au yatima? Mtamkaji huyatenganisha kwa sauti, lakini maandishi hayaonyeshi lolote. Kijaluo kina vokali 9. Herufi za Kirumi zatupa 5 tu.

Kati ya 2009 na 2012, Kefa Ombewa na Paul Sidandi walibuni herufi mpya kabisa za kuandikia Kijaluo. Wako watakaouliza: za nini, ilhali wazee wetu walisoma Biblia kwa herufi za wamishenari? Swali hilo ni la haki.

Tena kubuni kwa kalamu ni mwanzo tu. Ili ichapwe, kila herufi sharti ichorwe upya katika kompyuta, unene wa mistari ulinganishwe, na nafasi baina yake na kila jirani ipimwe. Kisha pana Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba. Isiyo na namba huazima ya nyingine, na asiyekuwa na fonti yako husoma takataka. Solomana Kanté wa Guinea alibuni N'Ko mwaka 1949. Iliingia Unicode 2006!

Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo mwenye kipaji cha kuchora asisubiri miaka 57. Na aanze na fonti ya Kirumi, yenye vokali zote 9 zilizochorwa vizuri, zisomeke hata kwenye karatasi hafifu ya kitabu cha darasa la kwanza.