Kusoma kwa Ufahamu Katika Mtihani wa Kuingia Udaktari

Mwombaji wa nafasi ya kusomea udaktari nchini Marekani, na katika vyuo kadhaa vya Kanada, hufanya mtihani uitwao MCAT. Sehemu tatu kati ya nne za mtihani huo hupima maarifa ya sayansi, ikiwemo saikolojia. Sehemu iliyobaki hupima ufahamu wa kusoma: mtahiniwa hupewa vifungu 9 vya falsafa, historia, sanaa au mambo ya jamii, na maswali 53 ya kujibu kwa dakika 90. Alama zake huanzia 118 hadi 132.

Wapo watahiniwa mahiri katika sayansi wanaokwama hapa, kwa kuwa wamezoea kujibu kwa yale wanayoyajua. Katika sehemu hii jibu hutegemea kifungu chenyewe. Maarifa ya nje hayahitajiki, na pengine hupotosha.

Tuchukue mfano. Kifungu kinasema: “Baadhi ya wasanifu majengo walihofia kwamba saruji ingeua ufundi wa mawe.” Jibu mojawapo linasema kuwa mwandishi anaamini saruji iliua ufundi huo. Jibu hilo huvutia, lakini si sahihi. Hofu imegeuzwa kuwa tukio, na maoni ya wasanifu wachache amebebeshwa mwandishi.

Njia ya kuinua alama ni mazoezi ya kila siku yenye utaratibu. Kwanza, kila aya ikiisha, eleza hoja yake kwa sentensi moja fupi ya maneno yako mwenyewe. Pili, tambua kila dai ni la nani. Tatu, kabla ya kuchagua jibu, onyesha sentensi inayolithibitisha. Usipoiona, litilie shaka. Nne, weka daftari la makosa, uandike kilichokuvutia katika kila jibu ulilokosea. Anza bila kuhesabu muda, kisha jizoeze kumaliza kila kifungu kwa dakika 10. Siku ya mtihani usiache swali wazi, kwani jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Stadi hii haiishii katika chumba cha mtihani. Mgonjwa husema: “Nilikunywa zile dawa siku kadhaa, nikapata nafuu.” Mhudumu akiandika kwamba mgonjwa alimaliza dozi, amefanya kosa lile lile la mtahiniwa. Ugonjwa ukirudi, atakayesoma faili anaweza kudhani kwamba dawa imeshindwa, akaibadilisha bila sababu. Nawe mgonjwa, ukisomewa maelezo ya dawa, yarudie kwa maneno yako mwenyewe ili mhudumu ahakikishe kwamba mmeelewana. Na mhudumu asiyekuwa na hakika aulize swali dogo: siku kadhaa ni siku ngapi?