Kakao mnadani: Uzio wa kompyuta unaishia wapi?

Kakao ya Kyela huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima wa Ipinda au Matema hukabidhi mzigo kwenye chama chake cha msingi, na wanunuzi hushindania bei mnadani. Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) limeiingiza kakao katika minada yake ya kielektroniki, hivyo mnunuzi aweza kutoa bei akiwa ofisini, mbali na ghala. Kwa zao ambalo bei yake ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani Machi 2024, kompyuta hiyo si ya kuachwa wazi.

Je, ukurasa wa mtandao ukifunguliwa humo, unaweza kugusa nini?

Jibu la kwanza kubwa lilitoka Marekani mwaka 1995, kampuni ya Sun Microsystems ilipotoa lugha ya Java. Programu zake ndogo, zilizoitwa apleti, zilipokelewa kutoka mtandaoni na kufanya kazi ndani ya kivinjari. Zilizungushiwa uzio: zisisome wala kuandika mafaili ya mwenye kompyuta, na zisiwasiliane na kompyuta nyingine ila ile zilikotoka. Ni kama mnunuzi anayeonyeshwa sampuli mezani bila kuingizwa stoo.

Uzio huo ulitoboka. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha matundu yake. Baadaye zikaja apleti zenye saini: mtumiaji akibonyeza kukubali, amezifungulia geti. Januari 2013, baada ya wahalifu kutumia tundu jipya, serikali ya Marekani iliwashauri watu wazime Java kwenye vivinjari. Chrome iliacha kuipokea mwaka 2015 na Firefox 2017. Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, iliondoa kiungo hicho katika Java 11 mwaka 2018.

Kurasa za leo hutumia JavaScript, ambayo licha ya jina lake ni lugha nyingine. Nayo imo ndani ya uzio, ulio imara kuliko ule wa zamani mradi kivinjari kisasishwe.

Lakini uzio hautambui uongo. Ukurasa wa bandia uliofanana na wa mnada au wa benki hauvunji sheria yoyote ya kivinjari. Hukaa ndani ya uzio wake kwa adabu, ukingoja mfanyabiashara aandike neno la siri kwa mkono wake mwenyewe. Vivyo hivyo, programu aliyoipakua na kuiwasha mwenyewe haimo tena ndani ya uzio.

Wanunuzi wanashauriwa kuandika anwani ya mnada wenyewe badala ya kufuata kiungo kilicholetwa kwa ujumbe, kukataa programu wasiyoiomba, na kutenga kompyuta ya mnada na ile ya michezo. Bei ikishuka, msimu ujao huenda ikapanda. Fedha iliyotolewa kwa neno la siri lililoibwa ni vigumu kurudi.